Vitenzi vya Kufikiri katika Somo la Kompyuta: Kutoka "Taja" hadi "Buni"

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza kundi moja la maneno ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika kazi ya kukuza istilahi za Kiswahili, nalo ni kundi la vitenzi vya kufikiri. Hivi ni vitenzi ambavyo mwalimu huvitumia anapotunga swali, mtahini anapoandaa mtihani, na afisa anapomwagiza aliye chini yake alete taarifa. Tumechagua somo la kompyuta katika shule za sekondari kwa sababu mbili. Kwanza, istilahi za somo hili zingali zinajengwa, na ni rahisi kuzirekebisha kabla hazijakomaa vibaya. Pili, hili ni somo ambalo mwanafunzi aweza kuonekana anajua, kumbe anafuata tu hatua alizokaririshwa: bonya hapa, chagua pale, hifadhi, chapisha.

Hoja yetu ni kwamba aina ya fikra anayoitumia mwanafunzi huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kitenzi kilichomo katika swali. Kitenzi kikiwa cha jumla mno, mwanafunzi atajibu kwa njia iliyo nyepesi kwake, na mwalimu hatakuwa na haki ya kumnyima alama. Hivyo basi, mtu anayetaka kukuza stadi za kufikiri darasani hana budi kuanza na lugha ya maswali.

2. Vifaa vimepata majina, vitendo bado

Tangu sheria ya mwaka 1967 ilipoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, kazi kubwa imefanyika ya kuzipatia taaluma mbalimbali istilahi zake. Katika fani ya kompyuta mjadala umekuwa mkali hata juu ya jina la chombo chenyewe. Wapo wanaosema kompyuta, wapo wanaosema tarakilishi, hasa nchini Kenya, na wapo waliopendekeza ngamizi. Pamoja na tofauti hizo, leo tunayo maneno yanayoeleweka kama vile kipanya, kibodi, faili, programu, mtandao, nywila, hifadhidata na lahajedwali. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi ambayo maagizo yake yameandikwa kwa Kiswahili. Mradi huo ulidhihirisha kwamba lugha yetu haishindwi na mashine.

Hata hivyo, tukiyatazama maneno hayo kwa makini tutaona kwamba mengi ni majina ya vitu, na vitenzi vichache vilivyomo vinahusu matendo ya mashine: pakua, pakia, hifadhi, futa. Vitenzi vinavyotaja kazi ya kichwa cha mwanafunzi mbele ya mashine hiyo havijashughulikiwa kwa bidii ile ile. Tumekipa chombo jina, tukaiacha akili inayokitumia bila msamiati ulio bayana.

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Watoto walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika sekondari wakakutana na masomo kwa Kiingereza. Mwalimu wa kompyuta huandika swali ubaoni kwa Kiingereza, akageuka na kulifafanua kwa Kiswahili. Katika kugeuka huko, maswali matatu yaliyokuwa yanadai kazi tatu tofauti mara nyingi hutoka yote yakiwa na kitenzi kimoja: eleza.

3. Ngazi sita za kufikiri

Mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha mpangilio wa malengo ya elimu ambao umekuwa mashuhuri duniani. Waliyagawa malengo yahusuyo akili katika mafungu sita yanayopanda kama ngazi: maarifa, ufahamu, matumizi, uchanganuzi, usanisi na tathmini. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl waliongoza kazi ya kuusahihisha mpangilio huo. Mafungu yalibaki sita, lakini yalipewa majina ya vitenzi badala ya nomino. Aidha, usanisi uligeuzwa kuwa kubuni na kuwekwa juu kabisa, na kutathmini kukashuka hadi ngazi ya tano. Kwa hiyo, ngazi za sasa ni kukumbuka, kufahamu, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kubuni.

Mabadiliko hayo kutoka nomino kwenda vitenzi ni ya kupendeza kwetu sisi tushughulikiao istilahi. Kiingereza kilihitaji kubadili maumbo ya maneno ili kuonyesha kwamba kufikiri ni tendo. Katika Kiswahili, kitenzi-jina chenye kiambishi ku- ni nomino na kitenzi kwa wakati mmoja. Tukisema "kuchanganua kunahitaji subira", tumetaja tendo na tumelipa jina. Kwa hiyo, maumbo ya lugha yetu yanatuwezesha kuzitaja ngazi hizi bila shida. Kilichobaki ni kuchagua vitenzi vyenyewe na kukubaliana mipaka yake.

Ngazi tatu za juu, yaani kuchanganua, kutathmini na kubuni, ndizo zinazokusudiwa watu wanapozungumza juu ya fikra za ngazi ya juu. Ngazi tatu za chini si za kudharauliwa, kwani mtu hawezi kuchanganua asichokikumbuka wala kukifahamu. Tatizo huja pale ambapo somo zima, tangu kidato cha kwanza, linazungukia hapo chini.

4. Tatizo la "eleza"

Kitenzi eleza ni kizuri na kina asili nzuri. Kinatokana na elea, kama tusemapo "maneno yake yamenielea", yaani yamekuwa wazi kwangu. Kueleza basi ni kufanya jambo limwelee mwingine. Kwa mazungumzo ya kawaida, neno hili linatosha kabisa.

Katika mtihani, upana wake unakuwa kasoro. Chukua swali hili: "Eleza matumizi ya lahajedwali." Mwanafunzi wa kwanza ataorodhesha matumizi matano aliyoyakariri. Wa pili atatoa maana ya lahajedwali na mfano mmoja. Wa tatu ataonyesha ni kazi zipi zinafaa kufanywa kwa lahajedwali na zipi zinafaa kuwekwa katika hifadhidata, na sababu zake. Watatu hao wamefikiri katika ngazi tatu mbalimbali, na wote wameeleza. Msahihishaji anayetumia mwongozo wa alama wenye nukta tano atampa wa kwanza alama zote, na huenda wa tatu akapata chache kuliko yeye. Mwaka unaofuata wanafunzi wote watakuwa kama yule wa kwanza, maana wanafunzi hujifunza haraka sana ni nini kinacholipwa.

Tunapendekeza kwamba katika maswali ya mitihani kitenzi eleza kisisimame peke yake. Kiambatane na neno linalokiwekea mpaka: eleza kwa nini, eleza jinsi, eleza tofauti kati ya hiki na kile. Pale ambapo kitenzi mahsusi kipo, kitumike hicho.

5. Vitenzi vinavyopendekezwa

Yafuatayo ni mapendekezo yetu ya vitenzi vya ngazi zote sita pamoja na kazi inayodaiwa na kila kimoja.

(a) Taja, orodhesha: toa kutoka katika kumbukumbu. Hapa hakuna sababu inayodaiwa, na jibu lisiadhibiwe kwa ufupi wake.

(b) Fafanua: toa maana kwa maneno yako mwenyewe na kwa mfano ambao hukupewa darasani. Mwanafunzi anayerudia maneno ya kitabu hajafafanua.

(c) Tumia, kokotoa: chukua kanuni uliyofundishwa, uifanyie kazi katika hali mpya.

(d) Changanua: tenga sehemu za jambo na uonyeshe zinavyohusiana, hasa ili kugundua chanzo cha tokeo fulani.

(e) Tathmini: pima ubora kwa vigezo vilivyotajwa, kisha utoe uamuzi wenye sababu.

(f) Buni: toa mpango wa kitu ambacho hakikuwapo, ukikidhi masharti uliyopewa.

Baadhi ya vitenzi hivi vinahitaji maelezo zaidi. Wengine hutumia chambua mahali pa changanua. Kuchambua, kama ijulikanavyo na wakulima wa pamba na karafuu, ni kuondoa takataka au vikonyo ili kubaki na kilicho kizuri. Changanua ni kinyume cha changanya, kama vile fumbua ilivyo kinyume cha fumba na fungua kinyume cha funga. Anayechanganua hatupi kitu. Anarudisha kila sehemu mahali pake ili aone mchanganyiko ulikuwaje. Kwa kazi ya kutafuta chanzo cha kosa katika programu, changanua ndilo neno linalofaa, na chambua libaki kwa kazi ya kuteua, kwa mfano kuchagua data safi kutoka katika data chafu.

Kiambishi hiki cha kutendua ni hazina kubwa. Hata neno tatua liko katika kundi hilo. Uzi uliotatana ni uzi uliojifunga ovyo, na kuutatua ni kuufungua fundo moja baada ya jingine. Tatizo na utatuzi vimetokana na shina moja. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi jambo hili, atakuwa amewafundisha kwa neno moja kwamba tatizo kubwa hutatuliwa kwa kuligawa, na kwamba anayevuta uzi kwa nguvu huzidisha fundo.

Neno tathmini lina uhusiano na thamani. Kutathmini ni kukipa kitu thamani yake baada ya kukipima. Katika ofisi zetu neno hili limelegezwa mno. Taarifa yenye kichwa "Tathmini ya Mradi" mara nyingi husimulia tu yaliyofanyika, fedha zilizotumika na wageni waliohudhuria ufunguzi. Hiyo ni taarifa ya utekelezaji. Pasipo vigezo na uamuzi, hapana tathmini.

Kuhusu buni na unda, tunaona kuna tofauti yenye manufaa. Kubuni hufanyika kwanza akilini na katika karatasi, na kuunda ni kukifanya kile kilichobuniwa kiwepo na kifanye kazi, kama fundi aundavyo jahazi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali la mtihani wa maandishi lidai mwanafunzi abuni. Swali la mtihani wa vitendo lidai aunde.

6. Mfano mmoja kwa ngazi zote

Ili isionekane kwamba tunazungumzia maneno matupu, natutoe mfano wa zoezi moja la lahajedwali. Tuseme duka la ushirika wa shule liliuza bidhaa kwa siku sita kama ifuatavyo: Jumatatu shilingi 12,500, Jumanne 9,800, Jumatano 15,200, Alhamisi 11,000, Ijumaa 18,500, na Jumamosi 6,400. Mweka hazina aliandika fomula ya jumla siku ya Ijumaa. Jumamosi aliongeza mstari mmoja chini bila kuigusa fomula. Lahajedwali inaonyesha jumla ya shilingi 67,000, na sandukuni mna shilingi 73,400.

Kutokana na hali hii moja mwalimu anaweza kutunga maswali sita:

(a) Taja sehemu tatu za lahajedwali.

(b) Fafanua maana ya fomula.

(c) Tumia fomula kupata wastani wa mauzo ya siku tano za kwanza.

(d) Changanua jedwali hili ili kugundua tofauti ya shilingi 6,400 imetoka wapi.

(e) Wanafunzi wawili wamesahihisha kosa. Wa kwanza amefuta fomula na kuandika 73,400 katika seli ya jumla. Wa pili ameipanua fomula hadi mstari wa Jumamosi. Tathmini masahihisho hayo kwa kigezo hiki: nini kitatokea iwapo mauzo ya Jumatatu yatagunduliwa kuwa yalikuwa 13,000?

(f) Buni jedwali ambalo litaonya lenyewe kila mara jumla ya mauzo inapotofautiana na fedha zilizomo sandukuni.

Msomaji ataona kwamba maswali matatu ya mwisho hayahitaji kompyuta bora zaidi wala kitabu kipya. Yanahitaji kitenzi sahihi na hali inayoeleweka kwa mwanafunzi. Ataona pia kwamba katika swali la (e) masahihisho yote mawili yanatoa 73,400. Anayetazama jibu la mwisho tu atawapa wanafunzi wote wawili alama sawa. Anayetathmini atagundua kwamba la kwanza limeua jedwali, kwani Jumatatu ikibadilika kuwa 13,000, jumla haitasogea hadi 73,900 kama ipasavyo.

Kosa la namna hii halitokei katika maduka ya shule pekee. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart wa Chuo Kikuu cha Maryland na Kenneth Rogoff wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha makala juu ya madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi. Walionyesha kwamba nchi zilizoendelea zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na wastani wa ukuaji wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Makala hiyo ilinukuliwa na wanasiasa waliotetea kupunguza matumizi ya serikali. Thomas Herndon, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za utafiti uliokwisha kuchapishwa. Akachagua huo, na hesabu zikakataa. Alipolipata jedwali lenyewe, aligundua kwamba fomula ya wastani ilikuwa imeacha nchi tano kati ya 20. Mwaka 2013 yeye na walimu wake wawili, Michael Ash na Robert Pollin, walichapisha masahihisho yao. Walionyesha pia kasoro nyingine mbili, za kuachwa kwa baadhi ya takwimu na za namna ya kuzipima uzito nchi, na kwa hesabu yao wastani ulikuwa asilimia 2.2. Waandishi wa kwanza walikiri kosa la fomula, ingawa hawakukubali hoja nyingine.

Funzo kwetu ni kwamba aliyepewa kazi ya kutaja matokeo ya makala ile angeyataja vizuri na kupata alama zake. Kosa lilifichuliwa na zoezi lililomdai mwanafunzi arudie, achanganue na apime.

7. Kusaka hitilafu

Uandishi wa programu ni uwanja mwingine unaofaa. Lugha ya Logo, iliyoanza mwaka 1967 nchini Marekani, huwawezesha watoto kumwamuru kobe achore kwa kwenda na kugeuka. Seymour Papert, mmoja wa waasisi wake, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1980 kwamba mtoto anayesahihisha programu yake mwenyewe hujifunza kuzitazama fikra zake mwenyewe.

Mfano maarufu ni wa pembetatu yenye pande sawa. Mwanafunzi anajua kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60. Anaamuru: nenda 100, geuka 60, anarudia mara tatu. Kobe hafungi umbo. Anachora pande tatu za umbo la pande sita. Sababu ni kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, na pembe hiyo ni nyuzi 120. Mwalimu akimwambia tu "andika 120", mwanafunzi amepata pembetatu na amepoteza somo.

Kwa kazi hii watu wengi husema kurekebisha programu. Tunaona neno hilo linaficha nusu ya kazi, tena ile iliyo ngumu. Kabla ya kurekebisha kuna kutafuta. Tunapendekeza istilahi mbili zinazofuatana: kusaka hitilafu, kisha kurekebisha hitilafu. Alama zigawanywe kwa kila moja, ili mwanafunzi aliyegundua chanzo akashindwa kukiondoa asihesabiwe kuwa hajafanya lolote.

8. Jina la fikra zenyewe

Limebaki suala la jina la jumla. Wengi husema stadi za juu za kufikiri. Kasoro yake ni kwamba neno juu katika elimu limekwisha kushikwa na elimu ya juu, yaani ya vyuo vikuu. Mwalimu wa kidato cha pili aweza kudhani kwamba stadi hizo hazimhusu. Fikra tunduizi limeenea katika maandishi ya elimu, nalo linafaa kwa fikra zinazohoji na kupima. Lakini halionekani kuichukua ngazi ya kubuni.

Sisi tunapendekeza fikra pevu. Embe pevu ni embe lililotimiza kukua, hata kama bado halijaiva. Neno hili ni fupi, limezoeleka, na huzaa mengine kwa urahisi: kupevuka kwa fikra, upevu wa fikra, swali la kupevusha. Aidha, linakumbusha kwamba kupevuka kunategemea malezi, na kwamba kunaweza kuanza katika darasa lolote.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vitenzi vya kufikiri ni istilahi kamili, zinazostahili kufasiliwa na kusanifishwa sawa na majina ya vifaa. Kwa walimu, tunashauri kwamba kila karatasi ya maswali ipitiwe mara moja kwa ajili ya vitenzi tu, na ihesabiwe ni vingapi vinavuka ngazi ya tatu. Kwa wafasiri, tunashauri kwamba vitenzi viwili tofauti katika matini chanzi visitafsiriwe kwa kitenzi kimoja pasipo sababu, maana kufanya hivyo ni kuubadili mtihani wenyewe. Kwa watumishi wa serikali, tunashauri kwamba agizo la kuandika taarifa liseme wazi kama linadai masimulizi, uchanganuzi au tathmini. Aliyeagizwa "aeleze" asilaumiwe kwa kueleza.

Mapendekezo haya hayajafungwa. Wasomaji wenye vitenzi bora zaidi, hasa walimu wanaofundisha somo hili na kusikia maneno ambayo wanafunzi wenyewe huyatumia wanaposaka hitilafu, wanaombwa kuvileta pamoja na mifano ya maswali waliyokwisha kuyajaribu darasani.